Springi Niliyoiona ya Ziada

Mama Martina,

Maharage yapo jikoni, ongeza maji. Gari usiliguse, egemeo la kiti cha dereva halisimami.

Jana niliitoa mwenyewe ile kebo ya kulazia kiti iliyokwama, nikakuambia fundi Bujiku ana ujuzi gani nisiokuwa nao. Ikatoka pamoja na springi. Nikaiona ya ziada, nikaitia kabatini.

Asubuhi hii, ulipokuwa sokoni, nilimpakia mama yako nyuma yangu nimpeleke stendi apande basi la Tinde. Hatujatoka hata uani, nikaanguka chali na egemeo langu, kichwa kwenye magoti ya mama mkwe. Mimi, ambaye hata kula mbele yake siwezi. Akanishika kichwa kwa mikono miwili, akasema, "Tulia hapo hapo, baba, usije ukavunja shingo."

Sasa yuko chumbani, atasafiri kesho. Akiniulizia, mwambie ~~nimeitwa kazini~~ nimekimbia aibu. Nimeenda na springi kwa Bujiku. Anicheke kwanza, ndipo aje atengeneze.

Miaka kumi na moja sijawahi kumtazama mama usoni. Leo nimemtazama, tena kutokea chini. Kumbe yale macho unayonitolea nikiharibu kitu umeyarithi kwake.

Baba Martina