Farasi Akikaribia Kuruka, Nyamaza

Mwende, miaka miwili hujakanyaga hapa Mutomo, na leo unanikumbuka kwa sababu ya farasi! Haya. Sisi wazima, mbuzi amezaa mapacha, na mama yako ndiye anaandika ninavyosema mimi nyanya yako.

Unauliza usimame wapi kutazama hayo mashindano ya huko Uingereza, farasi wakiruka magogo na maji. Mimi farasi sijui. Punda najua.

Nikiwa msichana, dada yangu Mwikali aliingia mashindano ya punda, msichana peke yake kati ya wanaume. "Huyu atapika saa ngapi?" wakamcheka. Nilisimama penye mtaro, pale punda huogopa. Mwikali akaja mbele ya wote. Nikapiga vigelegele! Lakini mimi ndiye nilikuwa namshushia punda huyo mitungi ya maji kila siku. Aliposikia sauti yangu alidhani amefika nyumbani. Akasimama tuli, akangoja kushushwa mzigo. Wanaume wakapita.

Nikaziba mdomo kwa leso. Mwikali hata hakunitazama. Alimwinamia punda sikioni, akamsukuma kwa magoti, wakaruka. Aliwapita wote isipokuwa mmoja. Hakuna aliyeuliza tena habari ya kupika.

Basi simama nyuma ya kamba ya watazamaji, pale kuruka ni kugumu, unyamaze mpaka miguu yote ya farasi iguse chini. Hapo sasa piga kelele, wajue Mkamba amefika.

Ukija Desemba, pitia kwanza Zombe kwa nyanya yako Mwikali. Mwache amalize kusimulia, ndipo umpigie vigelegele.