Kliniki ya Wajawazito Ishuke Chini

Jumatatu, 2 Machi

Kikao cha kwanza, saluni. Nimekaa chini ya draya ya kukaushia nywele, kiti pekee kilichobaki. Ilikuwa imezimwa, nashukuru. Shirika limenituma niwasaidie wakazi kujipanga. Kusaidia, si kuongoza! Nimejirudia hayo njia nzima kwa sababu najijua: mdomo wangu hauna breki.

Mwenyekiti waliyemchagua ni msusi mwenye saluni. Ana mimba kubwa na sauti ndogo, lakini akianza kusema kila mtu ananyamaza. Hoja yao: kliniki ya wajawazito iko ghorofa ya pili, lifti hakuna. Chumba kikubwa cha chini kimejaa vitanda vibovu. Yaani vitanda vimejipumzisha chini, wenye matumbo wanapanda juu! Wenye uwezo huenda hospitali za kulipia, zenye lifti. Wa mtaa huu hupanda ngazi. Mwezi uliopita mama mmoja mfua nguo kateleza, akaanguka. Mimba iko salama, ila hajarudi tena kliniki. Na si yeye peke yake.

Nimefungua mdomo mara moja tu. Kuuliza choo kiko wapi.

Alhamisi, 5 Machi

Nimeshindwa kujizuia — nikapendekeza tumwandikie mkuu wa kliniki. Wakaangaliana. Kumbe wameshaandika mpaka wamechoka.

Fundi saa, mzee wa magongo ambaye mtaa mzima humwita Babu, kasema mkuu hupanda ngazi zile na funguo tu mfukoni, atajuaje? Msusi akainua kitana hewani. Basi tumwalike apande na mzigo, akasema. Ukaanza ubishi: unga au mchanga? Mkunga wa huko juu, ambaye naye kachoka kupokea watu wakihema, kachagua maji. Maji yanacheza tumboni kama mtoto.

Nimecheka mpaka mbavu zikauma. Nyumbani nikamsimulia mume wangu. Kauliza kama nitafukuzwa kazi. Labda, nikamjibu. Akaniongezea chai.

Jumatatu, 9 Machi

Mkuu kapata mwaliko, kaniita. Peke yangu. Feni, biskuti, kiti cha kuzunguka. Si mtu mbaya, tena mpole. Kasema mimi na yeye tumesoma, tunaelewana. Niwatulize watu, mambo ya kupandishana ngazi yafutwe, naye atakisafisha chumba cha chini mwezi ujao. Bila kelele.

Moyo uliruka! Si ndicho tunachokitaka? Neno "sawa" lilikuwa limeshafika kwenye meno. Nikaweka biskuti nzima mdomoni ili nisilitoe. Nilipomeza nikamwambia kukubali si kazi yangu, nitawafikishia wenyewe. Kakunja uso kidogo. Tumeagana vizuri hata hivyo.

Jumanne, 10 Machi

Nimewafikishia. Msusi kafunga bomba la sinki, akawauliza wanasemaje.

Mfua nguo alikuja leo kwa mara ya kwanza, kakaa karibu na mlango kama mtu anayetaka kuondoka. Ndiye aliyejibu.

"Akikifungua kimya kimya, atakifunga kimya kimya."

Wakapiga kura: mwaliko ubaki palepale, mkuu apande. Mikono yote juu. Wangu nimeukalia, maana mimi siishi hapa. Furaha niliyotoka nayo — sijui hata niiandikeje. Nimepitiliza nyumbani, nikashtukia nimefika sokoni.

Ijumaa, 13 Machi

Mkuu amekuja! Angeweza kujificha ofisini, akina mama wamejaa chini ya ngazi, lakini katoka, kavua koti, kacheka. Msusi akamfunga dumu la maji tumboni kwa shuka, kwa mikono ileile ya kusuka. Kauliza kama limembana. Mkuu kasema hapana, dada.

Ghorofa ya kwanza alikuwa bado anatania watu. Ya pili utani ukamwishia. Kashika ukuta, jasho hilo. Mfua nguo alikuwa ubavuni kwake, na tumbo lake la kweli.

"Polepole, daktari. Shika hapa. Hapa ndipo nilipoteleza."

Akakaa palepale kwenye ngazi, dumu mapajani. Hatukumcheka. Kutoka chini Babu kauliza huko juu kukoje, maana yeye hajawahi kufika.

Mkuu kashuka mwenyewe, akaomba ufunguo wa chumba cha chini. Msusi kamfungua shuka. Kisha msusi kaenda nyuma ya jengo akalia kidogo. Nikamshikia mkoba.

Jumanne, 17 Machi

Ruhusa ya kuhamisha kliniki haijatoka kwa wakubwa. Mkuu anasema kutoa vitanda vibovu hakuhitaji ruhusa ya mtu. Tunavitoa Jumamosi!

Jumamosi, 21 Machi

Naandika nikiwa nimekaa juu ya godoro lililochanika, uwanjani, chini ya dirisha la chumba. Vitanda vyote vimetoka isipokuwa kimoja, kile kikubwa cha chuma. Kimekwama mlangoni. Mume wa msusi yuko nje, mkuu wa kliniki yuko ndani, na hakiendi mbele wala nyuma. Babu anaelekeza kwa gongo — kushoto, hapana, kushoto kwangu! Mkunga kacheka mpaka kakaa chini.

Seremala kaitwa na msumeno wa chuma. Hajafika.

Basi akina mama wamesogea dirishani. Msusi kaanza: kwa nini dawa za presha huisha kila katikati ya mwezi? Mkuu kapangusa mikono, akautazama mlango, akavuta ndoo akaikalia. Anajibu. Mfua nguo anauliza la pili — mbona kliniki inafungwa kabla watu hawajatoka kazini? Nyuma yake foleni imeshafika getini, na seremala bado hajafika.