Nilichomfundisha Rebeka

Jumatatu, 6 Juni 1955

Maili nne kabla ya kengele ya shule. Mpaka darajani na kurudi, mara mbili. Nyasi nyeupe kwa sakitu, zinavunjika chini ya miguu. Pekupeku. Kisigino cha kulia kimechanika. Nilitapika darajani, nikafuta mdomo, nikageuka. Sikusimama.

Wanaume wawili wenye majembe walinipisha njiani. "Mwalimu Damari, unafukuzwa na nini?" Mwenzake akanijibia: "Na uzee. Miaka ishirini na miwili, bado yuko kwa baba yake!" Wakacheka mpaka wakaegemea majembe. Niliwapita.

Hawajui. Mwili ni punda, usipopigwa hauendi. Mtume Paulo alipotaja wapiga mbio na mabondia hakuwa anatania. Chuoni tulifundishwa mazoezi ya viungo na mama wa Kizungu mwenye filimbi shingoni, na kwa filimbi ile nilijifunza kuomba kuliko nilivyojifunza kanisani. Hatua nne navuta pumzi, hatua nne natoa. Bwana, nihurumie. Mwili ukichoka kabisa, sala inabaki peke yake.

Kaka Zakaria ameondoka alfajiri kurudi Makambako, anakopakia malori. Huja nyumbani kila Jumamosi, na pombe huja naye. Juzi alimpiga mkewe, Rebeka. Rebeka akakimbilia jikoni kwetu, kama kawaida. Katika ukoo wetu mke aliyepigwa akishaketi kwenye jiko la baba mkwe hagusiki. Mume akivuka kizingiti anatoa mbuzi, na aibu yake haiishi. Zakaria alisimama nje akitukana mpaka akalala palepale kwenye vumbi.

Rebeka alilia huku anaota moto. Nilimpa uji. Nilimdharau kidogo. Naandika kama ilivyokuwa.

Jumatano, 8 Juni

Nimemchapa Tabitha wa darasa la tatu. Fimbo sita. Darasa lilikuwa limenyoosha mikono mbele, jiwe katika kila kiganja, nikihesabu mpaka mia. Akaangusha yake kwenye arobaini na moja. Nikamwambia aokote. Akaangusha tena, makusudi, akiniangalia.

Fimbo ya nne ilipasua ngozi. Niliona, na bado nikapiga ya tano na ya sita.

Kisha nikawaambia: anayeacha katikati hupoteza hata alichokwisha kupata. Roho ni msuli. Isipoumia haikui. Nilijisikia mrefu.

Jioni nilibeba jiwe la mlangoni, ratili hamsini hivi, nikazunguka nyumba mara kumi. Baba alinitazama juu ya miwani yake. Yeye ni mzee wa kanisa, hupima maneno. "Mwanangu, hilo jiwe limekukosea nini?"

Alhamisi, 9 Juni

Zamu yangu kufundisha umoja wa akina mama. Wanawake kumi na tisa, wengine na watoto mgongoni. Sikutaka kuwasomea. Niliwasimamisha wote, mikono pembeni kama msalaba, nikaanzisha wimbo wenye beti saba. Atakayeshusha, akae.

Walicheka ubeti wa kwanza. Ubeti wa tatu waliacha kucheka. Bibi Nalupi, jirani yetu, alishusha mapema akasema kwa sauti: "Mimi Bwana ananijua hata nikiwa nimekaa." Kicheko tena. Mwisho akabaki Rebeka peke yake. Jasho linamtoka katika baridi ile, meno yameumana, mikono inatetemeka lakini haishuki. Mwanamke mwembamba vile! Alimaliza beti zote saba.

Nikamsifu mbele ya wote. Nikasema: maumivu ni uwanja wa mazoezi, Mungu ndiye mwenye filimbi, na anayetoka uwanjani kabla haijapulizwa hana taji.

Tulipokuwa tunatoka alinishika mkono. "Wifi, na mtu akiwa anapigwa?"

Nilijibu bila kufikiri. Hapana, huo ni uongo. Nilifikiri, na nikapenda jinsi jibu lilivyokuwa safi. "Ni hivyo hivyo," nilimwambia. "Simama. Hesabu. Itapita."

Jumapili, 12 Juni

Rebeka hakukimbia jana.

Tulisikia makofi kutoka nyumba yao, baba na mimi, tukakaza macho yetu mlangoni tukimsubiri aingie. Hakuingia. Mapigo yakaendelea. Yalipokoma, baba akafungua tena kitabu cha nyimbo.

Leo kanisani jicho moja limefunga. Mdomo umepasuka. Alinitafuta nje, karibu na kengele, akaninong'oneza kama mtoto aliyefaulu mtihani. "Nilisimama, wifi. Nilihesabu mpaka sitini na nane. Alichoka yeye."

Nilifurahi. Nikaangalia kengele, si jicho lake. Nikamwambia amefanya vizuri.

Jumanne, 14 Juni

Bibi Nalupi alinisubiri darajani. Amekaa juu ya mzigo wake wa kuni, kiko mdomoni, saa ambayo hata jogoo bado ana usingizi. Nilimwamkia. Akauliza, "Ni wewe uliyemfundisha yule mtoto asimame?"

Nikaanza kueleza. Uvumilivu. Kuufunza mwili. Akaninyooshea kiko.

"Wewe hupigwi na mtu, unakimbia kila siku. Yeye anapigwa, umemwambia asimame. Shule gani hiyo, Mwalimu?"

Nikakasirika. Nikamwambia hajui kusoma. Nilisema hivyo kwa mwanamke aliyenifunga nepi. Yeye akacheka tu, akaniomba nimsaidie kujitwika kuni. Nilimsaidia. Zilikuwa nzito kuliko jiwe langu, naye anazipeleka kila siku bila kumfundisha mtu yeyote.

Sikumaliza maili zangu.

Alhamisi, 16 Juni

Nilikwenda kwa Rebeka ili niseme nilikosea. Alikuwa anapukuchua mahindi. Akanionyesha mikono yake. Kila asubuhi anainyoosha mpaka mia mbili. "Jumamosi nitakuwa tayari," alisema. Hakuna mwanafunzi wangu aliyewahi kunisikiliza hivyo.

Niliona aibu kujikanusha. Nikakaa, nikapukuchua naye, nikaongea habari za mbegu. Nitamwambia Jumapili baada ya ibada, nikipata maneno mazuri.

Nimekimbia maili sita. Hazikusaidia.

Jumamosi, 18 Juni

Mchana kweupe. Nilikuwa natwanga. Zakaria alikuja mapema, macho mekundu, akapita bila salamu. Nikasikia sauti yake: "Mdala huyu, mke wangu mwenyewe, anahesabu! Nampiga ananihesabia!" Kisha sauti nyingine, si ya kofi. Nzito. Halafu tena.

Nilitoka na mchi mkononi, nikapita mlango wao. Alikuwa na mpini wa jembe. Rebeka amesimama katikati ya nyumba, mikono pembeni kama nilivyomfundisha, mmoja umening'inia vibaya. Damu kifuani. Midomo inakwenda. Hamsini na tatu. Hamsini na nne. Mlango ulikuwa wazi mbele yake. Hatua ishirini na tano mpaka jikoni kwetu.

"Rebeka, kimbia!" Nilipiga kelele. Akaniangalia bila kuelewa. Nadhani alifikiri namjaribu. Mpini ukamshukia ubavuni, akaanguka.

Nikampiga kaka yangu. Mchi ulimpata begani, nikasikia mfupa ukikatika kama kuni kavu. Alipiga magoti, analia, ananiita kwa jina la utotoni. Nikampiga mgongoni. Nikainua mara ya tatu, juu, kwa ajili ya kichwa. Mikono yangu haikuchoka hata kidogo. Miezi yote ile ya mawe. Nilikuwa na furaha ambayo sijawahi kuipata katika sala.

Rebeka ndiye aliyesema, kutoka sakafuni: "Wifi, basi."

Nikatupa mchi.

Baba alisimama uani na kalamu mkononi. Akasema tungoje wanaume watengeneze machela. Wanaume wote walikuwa kilabuni. Rebeka akakohoa damu. Nikamfunga mgongoni kwa shuka mbili, kama mtoto, nikaondoka.

Maili tatu mpaka barabara kuu. Sikukimbia, ningemuua. Nilitembea nimeinama, kichwa chake begani mwangu, damu yake ya moto ikiingia shingoni mwangu na kupoa. Nilijaribu kuomba kwa hatua nne. Hakuna neno lililokuja. Zilikuja hatua tu. Kwenye kilima magoti yalitaka kukunjika, nikayatukana kwa Kibena, matusi niliyowachapia watoto. Niliposimama kupumua nilimsikia bado anahesabu sikioni mwangu. Nikamwambia aache. Nikamwambia nilimdanganya, kila neno. Sijui kama alisikia.

Lori lilitoka upande wa Makambako, limejaa wanaume waliomaliza mkataba wa mkonge, na masanduku yao ya bati na blanketi mpya. Nilisimama katikati ya barabara. Dereva akapiga breki, akanitukana, kisha akaona mgongo wangu.

"Kagongwa na gari?" mmoja akauliza kutoka juu.

"Na mume wake."

"Basi gari hilo halina namba," akasema, na wawili wakacheka. Mtu mzima mmoja mwenye kofia ya majani akamzaba kofi mcheshi yule. "Shuka! Mpishe mgonjwa alale." Wakatandika blanketi zao mpya sakafuni, tano, sita. Damu ikaziingia. Lori likatupeleka moja kwa moja mpaka Njombe.

Jumapili, 19 Juni

Hospitalini. Mbavu tatu. Mkono wa kushoto mahali pawili. Bandama imepasuka, wameitoa jana hiyohiyo. Daktari hakuahidi kitu. Anasema ni siku tatu za kungoja.

Nimelala sakafuni chini ya kitanda chake. Gauni langu limekauka, gumu kama ngozi. Muuguzi alinipa maji nikaoga, nikaona nyayo zangu: nyama tupu.

Namchukia Zakaria. Ningepewa mchi sasa hivi ningemaliza. Halafu nakumbuka mpini ulikuwa mkononi mwake, lakini kumsimamisha Rebeka kulikuwa kwangu. Yeye alimpiga kwa ulevi. Mimi nilimfunga kwa Neno, nikiwa na akili zangu.

Wazee wetu hawakuandika kitabu, lakini walimwachia mwanamke mlango mmoja. Nikaufunga kwa sababu ya wimbo wenye beti saba.

Jumatano, 22 Juni

Homa kubwa usiku wa jana. Leo asubuhi imeshuka. Amekunywa maji vijiko vinne. Daktari amepita, amegusa tumbo, ametikisa kichwa namna ya kukubali.

Nilitoka nje nyuma ya jiko la hospitali, nikalia kwa sauti mpaka wapishi wakanifukuza.

Ijumaa, 24 Juni

Baba alikuja na wazee wawili wa kanisa. Waliketi kwenye benchi la ukumbini, kofia magotini. Zakaria amefungwa bega, ametengwa na Meza ya Bwana kwa ulevi. Mimi pia nimetengwa, kwa kumpiga kaka yangu mkubwa. Nitasimama mbele ya usharika kuungama kabla ya kurudishwa. Shule wataamua baadaye.

Niliwaambia nitaungama kumpiga, na furaha ya kumpiga. Lakini kosa langu kubwa lilikuwa Alhamisi ile, mbele ya akina mama. Wakatazamana. Mzee mmoja akasema, "Alhamisi ulifundisha uvumilivu, binti. Hilo si kosa." Hawana mahali pa kuliandika.

Kisha baba akaingia wodini, akamwambia Rebeka akipona arudi, Zakaria amelia sana, amejuta. Nilijua jinsi anavyojua kutii.

Rebeka alivuta pumzi kwanza, kwa sababu ya mbavu. "Baba, shikamoo. Nakushukuru kwa kuja. Nitakwenda kwetu Mdandu."

Baba akasema ndoa ni agano. Akajibu, "Ndiyo, baba. Nitakwenda kwetu Mdandu." Akafumba macho. Alikuwa hatetemeki.

Jumatano, 6 Julai

Ametembea. Kutoka kitandani mpaka dirishani, hatua kumi na moja, mkono wake mzima umenishika shingo. Nikataka kumwambia ongeza mbili. Nikauma ulimi. Alipotaka kukaa, tulikaa.

Sijapiga mbio tangu siku ile. Miguu imepona, nimeitazama mara nyingi. Sidhani Mungu aliichukia wakati wowote. Mimi ndiye niliyeichukia, nikamsingizia.

Muuguzi mmoja, Mkinga kutoka Iwawa, aliniona namwinua Rebeka kitandani. "Dada, wewe una nguvu kama mwanaume. Umezipata wapi?" Nikamwambia kwa kubeba mawe. Akashangaa sana. "Mawe? Ya nini?"



Jumamosi, 16 Julai

Lori lilitushusha njia panda, tukatembea mpaka Mdandu. Mwendo wa saa mbili tulitumia nusu siku. Rebeka alipumzika kila alipotaka, mara moja akalala kabisa kwenye nyasi, nami nikamkinga jua kwa mwavuli alioniazima muuguzi.

Mama yake alikuwa shambani. Alituona kwa mbali, akaacha jembe, akaja bila kukimbia. Alimgusa binti yake uso, kisha mkono, kisha uso tena. "Kamwene," alimsalimu kwa Kibena. "Kamwene," Rebeka akaitikia. Alimpa viazi viwili vya moto na chumvi, akamlaza ndani, akarudi kumalizia tuta lake.

Nimekaa kibarazani. Maharagwe yameanikwa uani juu ya mkeka, na kuku wanayanyemelea. Mlango uko wazi, nasikia anavyopumua usingizini, taratibu, bila kuhesabu. Nimeshika kijiti kirefu. Kuku wakisogea nawagusa tu, polepole, wasipige kelele.