Kwa Mama Mkwe, Kutoka Ndani ya Tanki

Mpendwa Mama mkwe,

Najua hungetaka nikuandikie. Ungesema, "Kama Baba Nekesa ana neno, apitishe kwa bibi yake," nawe ungekuwa umekaa upande wa pili wa ukuta, umenipa mgongo, unasikia kila kitu. Lakini binti yako amekataa kulipitisha hili. Ati hili la kwako Kabuchai nilimalize mwenyewe.

Miaka yote tuliyokuwa wakwe sikuwahi kukuona uso sawasawa. Ndivyo heshima ya kwetu ilivyotaka, nasi tuliitii kuliko tulivyoitii serikali. Tukikutana njiani, mmoja wetu aliingia shambani, na mara nyingi nilikuwa mimi. Mahindi yako niliyajua moja moja. Nikija kwako nilikaa sebuleni nikikodolea kalenda macho. Wewe ulipita uani, kisha ukagonga mlango wa jikoni mara tatu: nimekwisha pita, mkwe, toka upumue. Nilikujua kwa mgongo, kwa kilemba cha kijani, na kwa kugonga huko.

Hata hivyo ni wewe uliyewaambia akina mama wa kanisa, "Mkwe wangu anatengeneza tanki huko Kitale. Tanki ya faiba, haishiki kutu." Ulinisifu kwa kusikia tu. Acha nikueleze usichokiona.

Faiba ni nyuzi za kioo zilizoloweshwa resini, kitu kama asali, ila harufu yake hupasua kichwa. Resini ikikauka husinyaa, na ikisinyaa huuvuta ukuta wa tanki mpaka upinde au uingie nyufa nyembamba kama unywele. Kuna dawa ya kuzuia kusinyaa huko. Ilitoka ng'ambo kwa madebe, nami nilisoma maandishi ya madebe hayo kama wengine wasomavyo Zaburi, maana chuo changu kilikuwa hicho: maandishi ya madebe, na magazeti yaliyofungiwa vipuri.

Mwaka ule, miaka ya themanini ikielekea kwisha, dawa ilikosekana. Wakala wa Nairobi alituambia kwa simu kwamba viwanda vya magari vya Amerika na Japani vinaizoa yote, kwani wameanza kuunda milango ya magari kwa plastiki ya namna hiyo. "Ngojeni kidogo," akasema. Hapo ndipo nilipolielewa soko la dunia. Ni foleni, na Kitale imesimama nyuma ya mlango wa gari ambalo hakuna mtu wa Kitale atakayelipanda.

Tanki ambalo akina mama hao waliagiza liwekwe uani kwako lilikuwa tayari limeanzwa. Bosi wangu, Simiyu, akanigeukia.

"Si ulisoma ati kitu chochote cha unga-unga kinapunguza kusinyaa?"

Nilisoma kweli. Ilikuwa chaki iliyosagwa. Chaki hatukuwa nayo, lakini ng'ambo ya barabara kulikuwa na posho mill ya kusaga unga. Tulikuwa Kitale, Mama. Mtu wa Kitale akikosa kitu, hutazama mahindi kwanza.

Unga wa mahindi niliuchanganya na resini mimi mwenyewe. Tanki likatoka laini kama yai, halikupinda hata kidogo. Simiyu akalipiga kofi. "Amerika wakae na dawa yao, bana!"

Miezi mitatu baadaye ukatuma neno: maji ya tanki yananuka busaa, pombe ya unga wa mahindi uliochachishwa.

Nilijua papo hapo. Ukuta wa ndani ulikuwa umeingia nyufa, maji yakapenya, yakaukuta unga, nao unga ukafanya kile unga hufanya ukilowa. Simiyu naye alijua. "Nenda ukwangue, uzibe," akaniambia. "Wakiuliza, sema wamechachisha kitu humo. Ukitaja unga, hii karakana imekwisha, na wewe utarudi Ndalu kuuza nyanya."

Nilifika kwako Jumamosi asubuhi sentensi ya Simiyu ikiwa mdomoni. Binti yako, aliyekuwa ametangulia, akanipokea langoni.

"Selina anatolewa kanisani kesho baada ya ibada," akasema.

Selina, aliyepika busaa hadi siku alipookoka. Selina, mliyempa ufunguo wa mfereji wa tanki ili kila mtu aone kwamba mmemwamini. Sasa walisema amerudia sufuria zake.

Tanki lilikuwa limemwagwa maji. Nikapanda ngazi, nikaingia kwa mdomo wa juu, nikaanza kukwangua. Joto humo lilikuwa la tanuri. Ndipo nikasikia kigoda kikiwekwa chini, nje, karibu kabisa na ngazi. Ukiwa umekaa pale, Mama, singeweza kutoka. Nawe ulijua.

"Baba Nekesa."

"Naam, Mama."

"Inanuka?"

"Inanuka, Mama."

"Inanuka nini?"

"Kama... kuna kitu kimechachishwa humu."

"Na nani?"

Nikaendelea kukwangua. Ukuta ulikuwa umebanduka chini ya kisu changu, na unga mweupe uliovimba ukanishika vidoleni kama kinyunya.

"Selina ako hapa na mimi," ukasema. "Ndiye ameshika ngazi. Taja jina lake asikie."

Jasho liliniingia machoni. Kisha nikasikia sauti ya Selina, ya chini, imechoka.

"Sema tu, Baba Nekesa. Hata mimi nimeanza kuamini ni mimi."

"Ni unga!" nikasema. "Niliweka unga wa mahindi kwa ukuta. Mimi, kwa mkono wangu. Selina hajafanya kitu."

Sauti yangu ikazunguka tanki, ikanirudia, ikaniambia tena.

"Nilijua," ukasema. "Hiyo harufu haina wimbi ndani, ule ulezi wa kuchachisha. Busaa gani haina wimbi?"

Sikuuliza mama wa kanisa alijuaje.

"Mama, kama ulijua..."

"Nani angeniamini mimi nikimsema mkwe wangu? Ilitaka itoke humo ndani. Sasa kaa hapo."

Ukawaita akina mama wote. Nikakiri mara ya pili, kwa viatu vingi nisivyoviona, na mtu mmoja akalia, nadhani ni Selina. Nyayo zikaondoka. Kisha ukagonga tanki mara tatu.

Nilipotoka, uani hapakuwa na mtu. Juu ya kigoda kulikuwa na kuku na ugali, vimefunikwa. Ugali, Mama! Mpaka leo sijui kama ulinisamehe au ulinicheka. Niliumaliza wote.

Simiyu alinifukuza Jumatatu. Nikafungua karakana yangu Bungoma, na huko nikagundua kwamba ile takataka nyeupe, nyepesi, inayokuja kwenye maboksi ya redio, huyeyuka ndani ya resini na kufanya kazi ya ile dawa, si sawasawa, lakini huifanya. Kwayo nililiunda tanki lenu la pili, na ufunguo ukabaki kwa Selina. Siku hizi soko limefunguliwa. Mawakala wananifuata wenyewe na dawa ya kila nchi. Kila tanki likikauka naingia ndani, nanusa, kisha nakaa kidogo. Wafanyakazi wangu hudhani napima ukuta.

Mwezi uliopita, walipokuwa wakikushusha kaburini, nilisimama nyuma ya tanki lako, kama heshima inavyotaka. Selina alikuja akasimama nami. Niliegemeza sikio kwenye ukuta, mtu mzima mimi, nikangoja.

Pita salama, Mama. Nimegeuza uso. Ila safari hii hukugonga, na mimi bado nimo ndani.

Mkwe wako,
Baba Nekesa