Nimemwonea Wivu Marehemu

Kaka, uko wapi? Nimejiaibisha leo, hata sijui nianzie wapi.

Si unajua leo ni siku ya kuwakumbuka wanajeshi waliofia vitani? Nimemsindikiza mke wangu mnarani, kwa ajili ya yule mume wake wa kwanza, koplo.

Mshereheshaji akatangaza, "Mjane wa koplo aje aweke shada." Mke wangu akainuka. Nikamdaka mkono: "Mjane gani? Mumeo si nipo hapa?"

Kwa sauti, kaka! Mjane gani! Mbele ya jeshi zima!

Akajitoa taratibu, akaenda. Akainama, akaligusa jina la yule bwana pale kwenye jiwe kama anayempangusa mtoto uso. Mimi hajawahi kunigusa hivyo, wallahi.

Kumbe mama wa marehemu amekaa nyuma yangu. Akaninong'oneza, "Baba, mwanangu naye alikuwa na wivu hivyohivyo. Mngepigana nyinyi." Anacheka huku analia. Nikampa leso yangu.

Sasa tuko nyumbani. Mke wangu amejifungia chumbani na picha ya koplo. Nimegonga niombe msamaha.

Amesema, "Ngoja kidogo, bado naongea naye."

Nangoja, kaka. Moyo unaniwaka, lakini nangoja.