Alipiga Goti, Nikamsahihisha Kiingereza

Shangazi mpendwa, naomba unisaidie haraka, maana sijui kama nimechumbiwa au nimeachwa, na hata mama yangu aliyekuwepo hajui. Mimi nafanya kazi kwenye duka la kuchapa mabango na kadi, kazi yangu ni kusoma Kiingereza cha wateja kabla mashine haijawashwa, mtu akileta "Congratulation" mimi ndiye naiongeza ile s, akitaka kibao cha mlangoni kiseme "We are close" mimi ndiye namwambia ndugu yangu, duka limefungwa, halijawa rafiki wa mtu, na shangazi, kazi hii imeniingia mwilini, siwezi kuizima, nimesahihisha menyu ya hoteli kwa kalamu yangu mwenyewe, nimemsahihisha bosi mbele ya wageni, nimemsahihisha daktari sindano ikiwa bado mkononi mwake, na alinidunga kwa hasira.

Basi nina mchumba, au nilikuwa naye, fundi wa friji, mcheshi, Kiswahili chake kitamu mpaka wateja wanasahau kwamba friji halijapona, lakini Jumapili iliyopita, sebuleni kwetu, mbele ya wazazi wangu, dada yake na wamama wote wa jirani, akaamua kunichumbia kwa Kiingereza ili kunipa heshima, na baadaye nikasikia alikuwa amefanya mazoezi masaa mengi, kichwa kikiwa ndani ya friji la mteja ili asisikike. Akapiga goti, akasema, "My dear, do you can marry me?" Na mimi, badala ya kusema ndiyo, mdomo ukanitangulia: "Can you!" Yeye akadhani namuuliza kama anaweza. Akainuka, kifua mbele, akajibu, "Yes, I can!" Vigelegele vikapigwa, baba akamkumbatia, pete ikaingia kidoleni, na mimi sikuwahi kujibu lolote.

Kumbe dada yake Kiingereza anakijua. Walipofika kwao akamweleza, na tangu hapo simu zangu hapokei. Nikamwandikia ujumbe wa kumwomba radhi, akajibu, "I am not angry. I am just finish." Shangazi, nilikuwa nalia, machozi yanadondokea simu, lakini kidole kikaandika chenyewe: "finished". Nampenda sana. Huu ni ugonjwa? Pete nirudishe?

Kalamu Nyekundu

*

Kalamu Nyekundu, pole mwanangu, na hebu nyamaza kidogo. Pete usirudishe. Ugonjwa huna, una kiherehere.

Mwanaume mzima ametia kichwa kwenye friji la watu, anakariri lugha isiyo yake kwa ajili yako, anakuja kupiga goti mbele ya baba yako, na wewe unampa alama! Halafu hata huko kusahihisha ulikosahihisha ni nusu. Anayechumbia huuliza "Will you", si "Can you". Hakuwa anataka kujua kama una nguvu za kuolewa. Umeona inavyochoma? Na kwenye barua yako nimekuta "masaa", nimekuta "wamama", nikapita kama sijaona, kwa sababu ulikuwa unalia na mimi nilitaka kujua kilichokuliza. Ni hivyo tu. Haihitaji chuo.

Bango lisahihishe, litatundikwa barabarani na jina la bosi wako liko chini yake. Anayekuomba umsaidie msaidie, pembeni, kwa sauti ya chini. Lakini mtu anayekufungulia moyo hajakuletea kazi ya kuchapa. Sasa fanya hivi: simu iache nyumbani, hicho kidole sikiamini. Nenda karakana kwake mchana, umwombe radhi, umjibu lile swali lake kwa Kiswahili, na ukishajibu, funga mdomo. Atakalosema baada ya hapo, mwache alimalize.

Majibu haya nilimsomea Kalamu Nyekundu kwa simu kabla sijayapeleka gazetini, maana mambo ya pete hayangoji ukurasa wangu. Jana akanipigia.

Alimkuta jamaa amelala chini nyuma ya friji, miguu tu ndiyo inaonekana. Akaiambia ile miguu, "Nisamehe. Na jibu langu ni ndiyo."

Miguu ikatulia. "Ndiyo ya nini?"

"Ya lile swali lako. Nakubali unioe."

Jamaa akatoka huko nyuma, vumbi mpaka kwenye kope, akasema, "My dear, I am very happiness."

"Mungu wangu," nikasema. "Ukafanya nini?"

"Niling'ata mdomo, shangazi. Niliung'ata mpaka machozi yakanitoka. Yeye akadhani nalia kwa furaha."

"Na hukuwa?"

Nikamsikia anacheka huku anavuta kamasi. "Nilikuwa," akasema.