Mashine ya Kunyolea ya Baba

Soweto, Mbeya

Kwako mama yangu,

Shikamoo. Mimi mzima, ila baridi ya huku imenikaa kifuani. Hali za huko siulizi kwa mazoea, maana tangu nisome barua yako jana sina raha. Umesema baba hainuki tena, na kila asubuhi anaulizia mashine yake ya kunyolea. Halafu mwishoni ukaniagiza nyembe paketi mbili. Mama, baba ana kidevu kimoja. Najua kwetu ni lini ukoo mzima hunyoa vichwa, na baba bado yu hai.

Unakumbuka baba aliniazima mashine hiyo niwaonyeshe kazini. Kampuni yetu siku hizi inauza zile za plastiki za kutumia na kutupa, na wenye maduka wa huku hawazitaki. Wembe wake hautoki, mtu hawezi kukatia kucha wala kufumulia nguo. Ndipo wakubwa wa kampuni wakajiuliza kama kurudisha zile za chuma kutalipa. Juzi meneja akaja kutoka Dar es Salaam, akaigeuzageuza ya baba, akaniuliza ilinunuliwa lini.

"Kabla sijazaliwa," nikamwambia.

"Umeona? Mtu ananunua mara moja mpaka anazeeka nayo. Sisi tutakula nini?"

Nikamjibu watakula kwenye nyembe, maana mwenye mashine hununua wembe maisha yake yote. Akaitia mkobani akawaonyeshe wakubwa.

Jana, baada ya barua yako, nikamfuata nyumba ya wageni. Alikuwa anafunga mizigo.

"Bosi, naomba ile mashine. Mzee anaumwa, anaitaka."

"Nitamnunulia nyingine."

"Hataki nyingine."

Akasema nikiichukua nisitegemee kazi. Mama, niliogopa, lakini nikashika mkoba wake. Akaniangalia, kisha akaufungua mwenyewe, akanipa. Kama bado nina kazi, sijui. Kama watazirudisha za chuma, sijui vilevile.

Anayekuletea barua hii na mashine ni shemeji Kastori, dereva wa lori la viazi. Atasimama hapo Ipogolo. Mimi basi nimepata la keshokutwa. Dada Leokadia mwenye mkono mwepesi achemshe maji, amnyoe baba taratibu, hasa penye lile kovu la kidevuni. Nisalimie shangazi anayekesha na baba, na mjomba fundi cherehani.

Wembe nimeweka mmoja tu, umo ndani ya mashine. Zile paketi mbili sikununua. Huo ukiisha makali, baba mwenyewe aniagize mwingine.

Mwanao anayekuwaza,
Fidelis